Mkono wa Kulia wa Munguakonkwa

Kiharusi kilichukua upande wa kulia wa Munguakonkwa, fundi cherehani wa mtaa wa Mabanga. Upande uliobaki ulichukuliwa na upendo. Mkewe Bibiche alimlisha kwa kijiko, akamvalisha, akamgeuza kitandani. Binti yao Élodie akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni aote jua. Watu waliotoka upande wa Bukavu hawamwachi mzazi mgonjwa ajihangaikie. Jirani wangesema nini? Miezi ikapita, na mapaja yaliyokanyaga cherehani maisha yote yakakonda hadi suruali ikawa inapepea.

Ndipo akaja Clotilde, kine wa Ndosho, yule anayerudisha viungo kazini. Akalibonyeza paja, akaguna.

"Mama Bibiche, huyu muzee munamufanya nini?"

"Tunamupumuzisha."

"Munamumaliza. Misuli isiyofanya kazi inaondoka. Ugonjwa ulichukua kidogo, ninyi mukabeba kilo zote."

Bibiche alinuna, akaenda jikoni kugombana na masufuria.

Labda mambo yangeishia hapo, lakini baada ya Pasaka wakwe wangeleta mahari ya Élodie. Katika ukoo wao, baba wa binti husimama, akapokea kibuyu cha kwanza cha kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mkono wa kulia, akanywa mbele ya wageni. Kukipokea kwa kushoto ni tusi. Kukipokea ameketi ni kuwaambia wageni hawana uzito. Mdogo wake, Zéphirin, alikwisha kupiga pasi koti.

"Mukubwa, tulia kwenye kiti chako. Mimi nitakunywa kwa niaba yako."

"Weye hata bila niaba unakunywa!"

Walicheka wote, lakini usingizi ulimpaa Munguakonkwa. Mtoto wake wa pekee apokelewe mahari na mwingine, naye yuko hai, anatazama kama picha ukutani? Asubuhi akaagiza Clotilde aitwe.

Kiti kikainuliwa kwa vigodoro vilivyopangwa juu yake. Akafundishwa kusimama na kuketi, kusimama na kuketi, huku akitukana kwa Kishi, lugha ya kwao. Kila alipozoea, kigodoro kimoja kikatolewa. Bibiche akanyang'anywa kijiko, akapewa kazi ya maharage na sambaza, dagaa wa ziwani, maana misuli haijengwi kwa uji mtupu. Paja likaanza kujaa. Mkono ndio ulikaidi: vidole vilishika, lakini mkono haukuweza kuinua hata kikombe.

"Basi usaidie na ule muzima," Clotilde akamwambia. "Shika hapa, chini ya kiwiko. Inua yote pamoja."

Akainua. Akacheka hadi machozi.

"Binti yangu, unajua umenifundisha nini?"

"Zoezi, papa."

"Zoezi gani! Hii ni heshima."

Bibi yake alimchapa utotoni kwa kumpa mgeni maji bila kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Zamani kila mtu alitoa na kupokea hivyo. Siku hizi kijana anakupa kitu kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu, kana kwamba anamtupia mbwa mfupa. Desturi ilikuwa imekufa kabisa. Hata yeye aliyechapwa kwa ajili yake alikuwa ameisahau.

Siku ikafika. Wakwe walikuja na spika zinazotoboa masikio na msemaji wa kukodi. Kasiksi ilikuwa kwenye bidoni, dumu la plastiki, na kibuyu chenyewe cha kuazima. Baba wa bwana harusi akakijaza, akakinyoosha. Zéphirin akaanza kuinuka.

"Kaa chini," Munguakonkwa akasema.

Akavuta miguu nyuma, akainamisha kifua, akasimama. Goti likatetemeka, likakubali. Mkono wa kulia ukapaa taratibu, wa kushoto ukiubeba chini ya kiwiko, vidole vikakishika kibuyu. Akanywa. Bibi mmoja mzee upande wa wakwe akapiga vigelegele peke yake.

"Huyu alilelewa na watu!" akasema. "Nani bado anapokea namna hii?"

Zéphirin alitazama viatu vyake. Bibiche akamkaribia mumewe bila kumgusa.

"Mama," Munguakonkwa akamnong'oneza huku akitabasamu kwa wageni, "pokea kibuyu upesi, mguu unaomba ruhusa."


Akampa kibuyu, akaketi mwenyewe, polepole, bila kuanguka.