Nilivyokwenda Jeddah Kupuliza Tanki la Shemeji

Kwa miaka mitatu niliyokaa Riyadh nilizijua barabara nne tu: ya shule, ya dukani, ya kliniki, na ya kurudi kitandani. Wakenya wenzangu wakinialika Ijumaa niwatembelee, nilisema kafili, yaani mwajiri wangu, haruhusu gari lake litoke. Wakija kunichukua na gari lao, kichwa kikaniuma. Chumba changu cha dereva kando ya geti kina AC, kina birika, na kina godoro ambalo limeshalijua umbo langu. Mtu atoke aende wapi?

Alhamisi mchana simu ikalia kutoka Jeddah. Alikuwa Wafula, mdogo wake mke wangu, anayepeleka chakula kwa pikipiki ya kampuni. Na shemeji humwambii kichwa kinauma.

"Shem, pikipiki imekufa. Ukipiga stata inazungusha tu, haishiki."

"Si kampuni yenu ina fundi?"

"Huyo akishika spana lazima aandike ripoti. Nina ripoti moja tayari, ile ya kumwaga biriani. Ya pili inanipeleka ghalani kubeba katoni za maji. Supavaisa anakagua pikipiki zote Jumamosi asubuhi saa kumi na mbili. Shem, si wewe ni fundi?"

Hapo alinishika pabaya. Siku nilipopeleka mahari kwao Kimilili, kuku akiwa mezani na wakwe wakinisikiliza vizuri, nilitangaza kwamba hakuna pikipiki iliyowahi kunishinda. Ni kweli nilikuwa mtu wa bodaboda. Ufundi niliuongeza siku hiyo hiyo, kati ya kuku na chai.

"Nakuja," nikasema, na godoro likanisikitikia.

Saa kumi jioni nilimwendea Baba, kafili wangu, mzee mpole anayependa kunitania kuliko anavyopenda kunituma. Tunaongea Kiarabu changu cha kuokoteza.

"Jeddah? Wewe?" Akavua miwani ili anione vizuri. "Taa ya petroli ya gari langu inawaka kila siku ya Mungu, hata kwenda kliniki naenda nikiomba dua. Utafikaje Jeddah?"

"Kwa basi, Baba."

"Alhamdulillahi. Jumapili kuna shule, usisahau njia."

Kwenye stendi ya basi askari alinifungua mkoba. Mlikuwa na spana, boksi la plagi, spoku moja, na kipande cha sabuni ya kufulia. Kwetu tanki likivuja unalisugua sabuni, linaziba. Askari aliinusa ile sabuni, akanitazama nilivyo, akauliza kama ni ya kuoga. Kumweleza mambo ya tanki sikuwa na maneno. Nikasema ndiyo. Akanirudishia haraka, kama mtu anayeniombea niitumie.

Safari ni karibu kilomita elfu moja, na sehemu yake kubwa siwezi kuisimulia kwa sababu nilifunga pazia nikalala. Nilijua kulala, nilichokuwa sikijui ni kusafiri. Nilipofungua pazia kulikuwa kumepambazuka karibu na Taif. Milima ilikuwa imesimama pande zote, na nyani wamekaa kando ya barabara kama abiria wanaosubiri gari lao. Nikawaza kwamba hata hawa wanatoka nyumbani kuliko mimi.

Jeddah, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Joto la Riyadh linakuchoma kisha linakuacha. La Jeddah linakukumbatia na haliachi. Wafula alinipokea stendi ya Kandara, amekonda, akanibebea mkoba kwa heshima iliyonitisha. Tulifika anakoishi, Hindawiyah, tukala mkate wa tamis na maharage ya ful, kisha tukashuka kwenye pikipiki iliyoegeshwa chini ya jengo. Waoka mikate wawili wa Kiyemeni walikuwa wametoa viti nje. Wafula alishawaambia kwamba fundi anatoka Riyadh.

Nilianza vizuri. Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye injini, nikamwambia Wafula apige stata. Cheche ikaruka, buluu kabisa. "Moto upo," nikasema kwa sauti nzito. "Shida ni mafuta. Tufungue kabureta."

Nikainama upande wa kushoto. Nikainama wa kulia. Nikalala chini kabisa. Kabureta haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kidude chembamba chenye nyaya, kama kitu cha hospitali.

"Umeiona, shem?"

"Naiangalia."

Basi nikafanya tunavyofanya Kimilili. Nikailaza pikipiki ubavu kwa hesabu ya kumi, nikaisimamisha, nikafungua kifuniko cha tanki, nikaweka mdomo na kupuliza kwa pumzi zangu zote. Ikarudisha harufu ya petroli hadi kwenye ubongo. Stata: haishiki. Mwoka mikate mmoja akaniletea maji. Mwenzake alikuwa ameshika simu, anarekodi.

Nikasema naenda juu kunawa mikono. Nikajifungia chooni, nikatafuta video. Fundi wa kwenye video aliongea Kihindi, lakini kidole chake nilikielewa vizuri. Alifungua swichi, akaonyesha tanki, akaonyesha sikio. Ngwiiii, sekunde mbili, kimya. Hiyo ni pampu ya mafuta. Inakaa ndani ya tanki, inasukuma petroli kwenda kwenye kile kidude chenye nyaya. Usipoisikia, pima kama umeme unaifikia.

"Shem, umenawa au umeoga?" Wafula aliuliza niliposhuka.

"Nyamazeni wote," nikasema. "Fungua swichi."

Tukatega masikio. Kimya, kama nyumba ya mtu aliyehama. Nikachukua balbu ya indiketa na vipande viwili vya waya, nikachomoa soketi ya pampu, nikaunga. Wafula akafungua swichi, balbu ikawaka sekunde mbili, ikazima.

"Umeme unafika," nikatangaza, "anayeletewa ndiye amekufa." Sentensi hiyo niliitunga chooni.

Tukatoa siti, tukashusha tanki. Nilikuwa nimeandaa ndoo ya kukingia petroli. Ilitoka ya kujaza nusu kikombe cha chai.

"Wafula, mafuta yako wapi?"

"Si wewe ulinifundisha, shem? Usijaze tanki, utawawekea wezi. Weka ya safari iliyo mbele yako tu."

Ni kweli nilimfundisha. Bodaboda wa kwetu akilaza pikipiki na tanki lililojaa, ataamka na tupu. Na binamu akijua una mafuta, hakosi mgonjwa wa kupelekwa mbali. Nilimpa somo hilo kama urithi, naye akalishika hadi Uarabuni.

Baada ya swala ya alasiri maduka ya vipuri yalifunguliwa. Muuzaji, mzee wa Kiyemeni ambaye kila mtu anamwita Ammi, aliipokea pampu yetu, akainusa, akanitazama mimi, wala si Wafula.

"Benzini shwaya?" Yaani, mnaweka petroli kidogo?

Wafula naye akanitazama.

"Shwaya," nikakiri.

Ammi akainua pampu juu. "Hada samaki. Petroli nyingi, samaki baridi, anaishi. Petroli mafi, joto, samaki halas." Yaani pampu hupozwa na petroli inamolala; ikikosekana, inaungua. Akatuwekea mkononi pampu mpya pamoja na ringi ya mpira. "Ringi mpya! Ya zamani tupa. Sawa?"

"Sawa, Ammi."

Tulirudi, nikafunga pampu, nikakaza nati zote. Tukarudishia kile kikombe cha petroli ili kujaribu. Ikaanza kudondoka chini ya tanki, to, to, to. Nikatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hili nalijua! Nikachomoa sabuni.

"Shem," Wafula akasema taratibu, "hiyo ni nini inaning'inia mfukoni mwako?"

Ilikuwa ringi mpya. Tukafungua tena kila kitu. Waoka mikate wakasogeza viti karibu.

Jua lilikuwa linashuka tulipofungua swichi mara ya mwisho. Ngwiiii. Sekunde mbili. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo kutoka kwenye kitu nilichokishika mimi. Stata ikagusa, injini ikashika, na Wafula akanikumbatia na mikono yake yote ya grisi. Sabuni ikapata kazi. Tulinawia.

Kwenye kituo cha mafuta Wafula alisema, "Jaza," kwa kigugumizi, kama anamtaja mwanamke wa mtu.

"Nitawaambia nyumbani shem ni fundi kweli."

Nikatazama namba za pampu zikikimbia. "Waambie pia ni mimi niliyeiua. Na yale ya kwenye video niliyaona chooni."

"Nilisikia Kihindi mlangoni." Akafunga kifuniko cha tanki. "Lakini hiyo ya kuiua lazima nimwambie dada."

Jumamosi asubuhi nilipanda basi la kurudi, na safari hii sikufunga pazia. Tulikuwa bado hatujawafikia nyani, ujumbe wa sauti wa Wafula ukaingia. Hakukuwa na salamu. Ngwiiii, sekunde mbili, kisha injini, kisha sauti ya mwanamume mwenye haraka, bila shaka supavaisa: "Tamam. Yalla, kazi." Yaani iko sawa, nenda kazini. Niliusikiliza mara tano. Jirani yangu akahamia kiti cha nyuma.

Jumapili, Riyadh, baada ya kuwapeleka watoto shule, nilikuwa nampeleka Baba kliniki. Taa ya petroli ikawaka. Na nilichojifunza safarini ndicho hiki: desturi ya kwetu haikatiwi ikama, kile kibali cha ukaazi. Unaweza kuivusha mipaka yote bila mtu kukuuliza, ukaja kuua nayo pampu ya watu. Nikakata kona, nikaingia kituoni.

"Jaza," nikamwambia kijana wa pampu.

Mshale ukapanda, ukapita nusu, ukafika mahali ambapo sijawahi kuuona. Baba alisogea mbele kutoka kiti cha nyuma. Akautazama mshale. Akanitazama mimi.

"Barasa," akaniuliza kwa upole, "unatoroka?"

"Hapana, Baba," nikasema. "Ni samaki tu."

Akarudi nyuma taratibu, akafunga mkanda.