Aliyezika Bila Machozi

Sisi watu wa Ikungi tulikuwa na kiburi cha kijinga: tuliamini watu wasio na huruma wanatoka kwingine. Wako migodini, wako Dar, wako mikoa ya jirani tuliyopenda kuisengenya. Kwetu ni upole tu. Basi mtu wa aina hiyo alipokulia katikati yetu hatukumtambua, tukampa uenyekiti wa kijiji.

Ilianzia msibani kwake. Alifiwa na mwanawe wa kwanza, mtoto wa miaka sita. Alipanga wachimba kaburi, akagawa kazi za maji na kuni, akawatania waliochelewa. Jicho kavu kabisa. Wazee wakasifu, "Huyu ndiye mwanaume. Kijiji kinataka moyo kama huu." Nami nilisifu. Siku ya kumchagua kwa kupanga mstari, nilikuwa wa nne nyuma yake.

Mwaka uliofuata dada yangu alifiwa na mumewe, na mashemeji wakaanza kulitamani shamba lake la alizeti, ambalo ndilo lililowalisha wanawe. Akaenda kwa mwenyekiti. Alimsikiliza vizuri mno.

"Nenda nyumbani, dada. Hili niachie mimi."

Kweli aliachiwa. Wiki ile ile alikuja na vibarua, wakang'oa minyaa ya mpaka, akaliunganisha shamba na la kwake. Mashemeji waliambulia patupu. Dada alilia mbele yake hadi akakaa chini. Yeye alisimama tu, kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akamuuliza watoto hawajambo. Namchukia mtu yule hadi leo.

Dada akaniomba niseme kwenye mkutano wa kijiji. Mimi ndiye kaka mkubwa, asingesema mwingine. Nilikubali. Nikasimama, watu wote wakainamisha vichwa.

"Karibu, kaka," mwenyekiti aliniambia kwa upole. "Ile barua ya kijana wako ya chuo bado iko mezani kwangu inasubiri muhuri, sijaisahau. Haya, una neno?"

Dada alikuwa upande wa wanawake, ananitazama.

"Sina, mwenyekiti."

Nikakaa. Nilisubiri aibu inikabe, haikuja. Jioni ile wana wa dada walikula kwa jirani. Mimi nilikula ugali na mlenda, nikashiba.