Kitambaa cha Mama juu ya Kipima-Hewa

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wetu walikuja kutupimia hewa, ndani ya gari lililofungwa madirisha mpaka juu. Walikuwa wakizunguka nchi nzima, na mtaa wetu hapa Kolwezi, kando ya barabara ya malori ya madini yatokayo mgodini Mutoshi, ulipewa kisanduku kimoja cheupe, kidogo kama redio. Walikitundika kwenye ukuta wetu kwa sababu, walisema, baraza letu lina vumbi la kutosha. Nyumba yetu haijawahi kusifiwa hivyo.

Mama alikuwa akikohoa mwaka wa pili. Muuguzi alimpa dawa ya maji, akamwambia aepuke vumbi. Angemwambia tu aepuke Kolwezi. Ndiyo maana nilitega sikio mkuu wa wageni aliposema kwamba kisanduku kikionyesha hewa mbaya, malori yatahamishiwa barabara ya nje ya mji. Mimi nikafanywa mlinzi. Kila Ijumaa nilitia sahihi kwamba kifaa kiko salama.

Na kilikuwa salama, Mungu anajua. Kwetu kitu cha heshima hufunikwa: televisheni ina kitambaa chake, na friji isiyogandisha ina chake. Mama alishona kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akakivika kisanduku mpaka chini. Nilipomuuliza, alinishangaa, akiniita baba kama ilivyo kwetu.

"Tata, mashini ya bageni minaiacha na mavumbi? Batasema nini juu ya nyumba yetu?"

Nikaona ana adabu kunishinda. Mimi, msomi wa familia, mwenye diploma ukutani, nikatia sahihi. Wageni wakija kukagua, alikivua kitambaa, kama tunavyovua cha televisheni watu wakitaka kutazama. Jumamosi alikifua. Maji ya beseni yaligeuka mekundu kwa vumbi, naye alikohoa juu yake.

Matokeo yalisomwa ukumbini. Hewa ya mtaa wetu ilikuwa safi kuliko ya Kasaji, mji wa mashamba na baiskeli. Kwa hiyo malori yaendelee kupita. Watu walipiga makofi, nami nikaanza kupiga, kisha nikakumbuka yale maua ya pembeni mwa kitambaa. Nikashusha mikono.

Nilikimbia nyumbani, nikachukua kitambaa kabla hakijafuliwa, nikampelekea mkuu. Nilimweleza yote, nikakikung'uta juu ya meza ya ofisini kwake. Alipiga chafya tatu.

"Tata, funga hiyo kitu mu sashe, inachafua biro. Rapport ilisha kusainiwa."

Akanisukumia mfuko wa plastiki, kisha akanionyesha sahihi zenyewe kwenye ripoti. Zilikuwa zangu, Ijumaa baada ya Ijumaa, na mwandiko mzuri.

Malori bado yanapita. Siku hizi mama analala ameketi, maana akilala chali pumzi inakata. Sijamwambia kitu, sina ujasiri huo. Yeye huwasimulia majirani, kati ya kikohozi na kikohozi, jinsi mashini ya wageni ilivyorudi kwao bila doa.