Nilivyoufagia Msitu wa Koko

Sisi tuliokulia Mahajanga, huku Madagaska, enzi za Mfaransa tulishika ufagio kabla ya kushika kalamu, na anayebisha aje mtaani kwetu Tanambao aitazame migongo yetu. Mama yangu alikuwa na maneno yake ya kila siku: "Jua likikuta jani uwanjani, usiniambie umeamka." Basi tulifagia macho yamefumba nusu, chelewa zikichora mistari mchangani, ndipo tukapewa mokari, vile vitumbua vya mchele na nazi, na kikombe cha maji yaliyochemshwa juu ya ukoko wa wali. Uwanja wetu ulikuwa safi hata kuku hawakupata cha kuparua. Wajukuu zangu wa leo wakiona ufagio wanauliza ni wa nani.

Kila likizo ndefu nilipandishwa meli mpaka Andoany, kule kisiwani Nosy Be, niende kwa Koko. Sisi Wangazija ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Koko wangu, mama yake baba, aliishi pembezoni mwa msitu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka bandarini, pamoja na binamu yangu Fatima aliyenizidi miaka mitatu. Alisema nasi Kingazija kilichovurugika na Kisakalava. Kiswahili hiki nilikipata baadaye kwa marehemu mume wangu, mtu wa Unguja, aliyenisahihisha mpaka wiki aliyokufa.

Nyumba ya Koko iling'aa. Lakini ukitoka mlango wa nyuma, Mungu wangu! Huko kulikuwa na shamba lake la mikakao, chini ya miti mirefu ya msitu, na humo Koko hakuokota hata kijiti. Mti ukianguka, unalala ulipoangukia. Migomba iliyokatwa, maganda ya kakao, matawi yaliyooza, yote chini. Palikuwa na gogo moja nene kuliko pipa, limeota uyoga wa rangi ya chungwa, ukiliparua kwa kidole linamomonyoka kama mkate uliolowa. Mimi na Fatima tulikuwa tukibandua maganda yake tuone waliomo: jongoo, mende wenye pembe, mijusi, na siku moja kinyonga mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nililipenda gogo lile, na nililionea aibu vilevile. Nikimfikiria mama yangu akiliona, niliutafuta ufagio kwa macho.

Nilikuwa na miaka tisa alipokuja karani wa serikali, kofia nyeupe kichwani, daftari kwapani. Akasema ardhi isiyolimwa itachukuliwa, apewe jirani mwenye shamba kubwa la milangilangi, miti ya maua ya marashi, ambalo lilikuwa limenyooka mistari na chini yake hapana hata jani. Koko akamwonyesha mikakao yake mmoja mmoja. Karani akajibu kwamba yeye anaona pori tu, na atarudi baada ya siku nne kuamua. Koko alikuwa amezika mume na watoto wawili kando ya shamba lile. Hakuwa na pengine pa kwenda. Kesho yake akafunga safari kwenda Andoany kutafuta mtu wa kumsemea, akatuacha sisi wawili.

Mimi nikachukua ufagio.

Mnacheka, lakini mlitaka nifanye nini? Kama tatizo ni uchafu, dawa yake niliijua vizuri. Siku tatu tulifagia msitu. Tulikusanya majani, maganda, migomba iliyooza, tukayaviringisha magogo madogo mpaka kwenye lile kubwa, tukawasha. Kilikuwa kiangazi, likashika. Wakaanza kutoka. Mijusi ilitoka ikikimbia, mende wakatoka wakitambaa, wengine hawakutoka. Mwishowe akatoka tandraka, yule mnyama mdogo wa miiba anayelala kiangazi chote, akapepesuka moshini kama mlevi asiyejua kwao. Fatima akasema tuzime. Nikamwambia Koko atafurahi. Moyo wangu ulishajua kuwa sivyo, ila mikono iliendelea kufagia.

Koko hakupata wa kumsemea. Alirudi siku ileile aliyorudi karani. Karani akatazama ardhi tupu yenye mistari ya chelewa, akatabasamu, akanishika kichwa, akasema sasa hili ni shamba. Atampa Koko miaka miwili. Mikakao ikizaa, ardhi ni yake, isipozaa, basi. Koko akashukuru. Karani alipoondoka, Koko akaenda penye jivu, kisha akaniambia nimechoka, niende nikale. Hakunigombeza, na mimi ningeona afadhali anichape.

Nilirudi likizo iliyofuata. Maua ya kakao ni madogo, yanatoka kwenye shina lenyewe, na mwaka ule yalikuwa yametoka kwa wingi, yakadondoka yote chini, pale palipokuwa bado safi. Mti mzima ulikuwa na matunda mawili, mwingine hauna hata moja. Nikamuuliza Koko maua yana ugonjwa gani.

"Hayana ugonjwa," akasema. "Kuna wadudu wadogo kama vumbi, wanazaliwa kwenye uozo, ndio wanaoingia kwenye maua yangu yakashika matunda. Nimewatazama tangu nilipoolewa. Wewe uliwachomea nyumba."

Nikalia sana. Nikamwambia watamnyang'anya shamba kwa sababu yangu.

"Bado hawajaninyang'anya," akasema. "Futa kamasi, tukatafute gogo."

Yule jirani alikuwa akikata miti apate kuni za kuchemshia langilangi, na magogo yaliyooza, kwa kuwa hayatoi moto wa maana, aliyatupa korongoni. Huko ndiko tulikokwenda kuokota. Msimamizi wake aliwaita vibarua waje waone maajabu, bibi kizee na watoto wawili wanabeba takataka kwenda nazo nyumbani. Alicheka mpaka akatuonea huruma, akatuazima mkokoteni. Tulibeba karibu mwezi mzima, mabega yakachubuka. Tulitandaza migomba na maganda, tukayamwagia maji ya kisima ili yasikauke. Siku ya kuondoka niliona uyoga mmoja kwenye gogo, sawa na kifungo cha shati, nikarudi Mahajanga na habari hiyo tu. Mwaka ule mama alinipiga mara mbili kwa kuacha majani uwanjani kwa makusudi.

Miaka miwili ilipotimia nilikuwapo. Karani alikuja na viatu vipya. Akaruka gogo la kwanza, akateleza kwenye la pili, suruali ikachanika gotini. Akasema shamba limerudi kuwa chafu. Koko akamjibu taratibu, "Ndiyo, bwana. Sasa inua macho."

Mashina yalikuwa yamebeba matunda kuanzia chini mpaka kwenye matawi, mekundu na ya manjano, mengine yamebanana hayana nafasi. Karani alizunguka shamba zima. Kisha akaandika jina la Koko, akamsomea alivyoandika, na akaomba tunda moja awapelekee wanawe. Koko alimpa matatu. Watoto wa Fatima wanavuna pale hadi leo.

Mimi sasa nakaa Amborovy, nje kidogo ya Mahajanga, kwenye nyumba hizi mpya ambazo kila mtu amemwaga saruji mpaka ukutani, watoto hawajui udongo una harufu gani. Enzi zetu kila mtoto alijua aliyemo chini ya gogo. Mwaka jana mti pekee uliobaki uani kwetu ulianguka. Ulipoanza kuoza, mwanangu akaja na msumeno auondoe, kwa kuwa mkewe anaona haya kwa majirani. Nikaukalia. Wajukuu wakubwa wakatoa simu zao wakanipiga picha, wakaandika chini yake "Koko kagoma", maana sasa Koko ni mimi. Wakaicheka, wakaendelea kuzitazama simu. Mdogo wao alikuja akachuchumaa miguuni pangu, akabandua ganda, akawatazama wadudu waliomo. Kisha akamwuliza baba yake hawa gogo likiondoka watalala wapi. Mwanangu akauweka msumeno chini.

Mimi swali hilo sikuliuliza, na nilikuwa na miaka tisa. Yeye ana sita.