Kafi Ndani ya Zege

Mimi ni fundi wa zege, kwangu Lizaboni, Songea, mbali na maji yoyote ya kumzamisha mtu. Nilipopata kazi ya kujenga mteremko wa kushushia boti kando ya Ziwa Nyasa, nilikwenda na ujuzi wa saruji tu. Mengine sikuuliza. Nina kiburi cha kazi, na hasira zangu ziko karibu.

Kijiji kiliuomba mteremko ule kwa machozi. Mwaka uliotangulia mtumbwi ulipinduka mchana kweupe, watu wakiona, na wakati wanaume wanahangaika kuiburuta boti ya uokoaji juu ya mawe, mvuvi mmoja akazama. Hakupatikana. Sasa walitaka njia laini ya wote, ya kwenda kuvua na ya kwenda kuokoa.

Siku ya kwanza nilikuta kafi, lile kasia fupi la mtumbwi, limechomekwa mchangani katikati kabisa ya eneo langu.

"Nani kaacha takataka hapa?" nikafoka, nikaling'oa. Vibarua wangu, wote niliotoka nao Songea, wakacheka.

Tulipopanga mbao za kumwagia zege, nikakosa mti wa kuzitenganisha zisiegemeane. Nikalilaza lile kafi katikati, nikisema nitalitoa zege likilikaribia. Wingu likatanda, tukakimbizana na mvua, nikasahau. Likafukiwa humo humo.

Kesho yake akaja mama mmoja, kajifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Pole na kazi, fundi. Kafi la mume wangu umeliweka wapi?"

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Kwao, mtu akizama asionekane, mkewe huchomeka kafi lake pale alipoondokea, limwonyeshe pa kutokea. Mke mwenyewe ndiye hulitoa, siku akikubali moyoni kwamba mume harudi. Hilo kafi huzikwa badala ya mwili, na matanga huanuliwa. Wakwe zake walikuwa wamepanga siku: Jumamosi ya wiki ya pili.

"Nimechoka, fundi," akasema. "Si mke, si mjane. Nataka nilie yaishe."

"Sijaliona, mama," nikamjibu. Uongo mkavu, jamani! Niliogopa kuvunjiwa zege langu.

Siku tatu baadaye nikaona alama ya unyevu juu ya zege, ndefu kama kafi, pale pale nilipolilaza. Jua la saa sita lilikuwa linachoma, pote kumekauka, ila hapo. Nikajiambia mti unavuta maji, kitu cha kawaida. Asubuhi iliyofuata alama ilikuwa imeteremka hatua moja kuelekea ziwani. Nikaizungushia chaki, nikamkemea kibarua kwamba kanichezea, akaniapia hajagusa. Kesho yake ilikuwa nje ya chaki, hatua nyingine chini. Mh! Ndani ya zege lililoshika hakisogei hata kijiwe. Ziwani wadudu wadogo, wale wanaoibuka majini kwa mamilioni, walikuwa wamepanda kama moshi mweusi, hakuna upepo, hakuna sauti. Nilipata woga ambao sijawahi kuupata, na sikumwambia mtu.

Siku ya saba alama ilifika ukingo wa maji. Siku ya nane haikuwepo.

Jumamosi wakaja. Baba mkwe kashika jembe, mama mkwe kabeba shuka jeupe la kuzikia. Yule mama akasimama juu ya mteremko wangu, mikono inaning'inia, hana cha kung'oa. Nikashindwa. Nikasema yote mbele yao.

Hakuna aliyenitukana. Baba mkwe akasema, "Vunja."

Nikapiga nyundo na tindo mpaka jasho likaingia machoni. Zege lilikuwa gumu, halina ufa hata mmoja. Nilipofika chini nikakuta umbo la kafi, bapa na mpini, hadi mistari ya mti na alama za waya uliofungwa pale lilipowahi kupasuka. Kafi lenyewe halikuwemo. Shimo lilikuwa tupu, na lilikuwa na baridi.

"Litakuwa limeoza, au siyo, fundi?" Baba mkwe alinikazia macho. Alikuwa ananiomba. Neno moja tu, wangekusanya vumbi la shimo lile, wangelizika, na mkwe wao angepumzika.

"Usinidanganye tena," akasema yule mama.

Mti hauozi kwa wiki mbili. Nami nilikuwa nimeshamdanganya mara moja, aibu inanila.

"Halikuoza, mama. Limetoka."

Akatabasamu. Akafungua kitambaa cheusi, akamkabidhi mama mkwe wake. "Basi kafi analo," akasema. "Anakuja." Akapanda zake nyumbani kuinjika maji ya ugali. Wakwe wakabaki na shuka lao. Baba mkwe akaniambia kwa upole, "Leo ndiyo siku tuliyokuhitaji udanganye."

Nililiziba shimo, nikamaliza kazi, nikarudi Songea. Mvua zilizopita mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu: boti imeshuka haraka kwenye mteremko wangu, imeleta watu watatu wazima. Nilifurahi sana. Nikamuuliza habari za yule mama.

"Yupo," akasema. "Kila siku anapika chakula cha watu wawili, anaketi mlangoni mpaka kinapoa."

Siku hizi nikichanganya zege huwa nasimama na koleo mkononi, natamani ile Jumamosi irudi, niseme limeoza.