Mapafu ya Kitambaa Yamenikoholea Mbele ya Sheha

Leo nimeaibishwa na mapafu ya kitambaa. Msicheke kabla sijamaliza.

Bi Asha, msanii wetu, ameyatundika uwanjani skuli. Yana kifaa cha kupima hewa: ikiwa safi yanapumua taratibu, ikiwa chafu yanakohoa.

Mnajua ninavyopigana na lile jaa la taka linalochomwa nyuma ya madarasa. Basi baada ya sala ya Ijumaa nikamburuta Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, aje asikie.

Tukafika. Upepo umeupeleka moshi kwengine, mapafu yanapumua kama mtoto aliyelala.

"Mbona mazima, Mwalimu?" Sheha akauliza.

Nikasogea kuyakagua. Yakakohoa.

Nikarudi nyuma, yakatulia. Nikasogea tena, yakakohoa zaidi.

Bi Asha akaninusa. "Mwalimu, kanzu umeifukiza udi?"

Mke wangu kaifukiza. Kila Ijumaa.

"Kumbe jaa ni wewe," Sheha akasema, na uwanja mzima ukacheka.

Nikavua kanzu palepale, nikabaki na fulana na kikoi, nikayatungua mapafu, nikayabeba hadi ukingoni mwa jaa, penye moshi. Yakakohoa mfululizo. Sheha naye akakohoa.

Ameahidi, mbele ya watu, kwamba jaa haliwashwi tena saa za masomo.

Nyinyi mnaosambaza picha yangu ya fulana, andikeni na hilo.