Asali ya Mzee Ntandu Ilipoganda

Mwanangu, ipo siku moja ya mnada ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo wa huku kwetu Itigi unapuliza vumbi na baridi kwa pamoja, nasi tumejikunyata ndani ya makoti ya mitumba yaliyokuwa yameanza kuingia kwa wingi. Zilikuwa enzi za ruksa. Asali, ambayo baba zetu walizoea kuiuza kwenye chama cha ushirika tu, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye gari na mizani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijijini kwetu tuliofika huko tulikuwa wawili tu. Watu waliniita Kidato, nami nililipenda jina hilo, sitakuficha. Nikikaa nje ya duka jioni, waliniuliza mambo. Kwa nini maji ya mtungini ni ya baridi kuliko ya ndoo ya plastiki, na vyote vimekaa nyumba moja? Hilo nililijua: mtungi una vitundu vidogo, hutoa jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Kwa nini jembe asubuhi lina baridi kuliko mpini wake, na vimelala pamoja? Hilo nalo nililijua: baridi yake ni moja, ila chuma hunyonya joto la mkono wako upesi na mti hunyonya polepole.

Lakini yapo niliyokuwa siyajui, nayo niliyajibu vilevile. Mama mmoja aliniuliza kwa nini kitunguu kinaliza, nikamwambia ni mionzi. Mwingine akauliza jogoo anajuaje kunakucha, nikasema ni shinikizo la hewa. Waliitikia kwa vichwa, wakaenda zao. Neno "sijui" halikunitoka hata mara moja. Niliona kama nikilitamka, cheti changu kitafutika maandishi.

Basi siku hiyo ya mnada alikuja Mzee Ntandu na madebe mawili. Mzee huyu alikuwa mrina asali tangu ujana wake, mizinga yake ya magogo iko ndani kabisa porini, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Asali yake ilikuwa kipimo. Mtu akitaka kusifu ya kwake alisema, "Hii ni kama ya Ntandu." Mnunuzi alipofunua debe la kwanza, asali ilikuwa nyeupe, nzito, ina chenga, kama mafuta ya kondoo yaliyolala nje.

"Mzee, hii ni asali au ugali wa jana?" mnunuzi akauliza. Watu wakacheka.

"Ni asali, bwana. Baridi imeishika tu."

"Baridi! Mbona hii niliyonunua Manyoni haijashikwa? Au baridi inachagua?"

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Si Kidato huyo hapo? Muulizeni, amesoma kemia!"

Wote wakanigeukia. Mwanangu, ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema neno moja tu la silabi tatu. Badala yake nilikohoa, nikapanua kifua, nikasema, "Kisayansi, asali safi haigandi. Kinachoganda ni sukari iliyochanganywa."

Mnunuzi akalisukuma debe kwa kiatu. Mzee Ntandu hakubishana. Alifunika madebe yake, akaomba mtu amtwishe moja na mwingine ambebee la pili, akaondoka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila mimi siku ile nilirudi nyumbani nikijiona shujaa.

Minada mitatu iliyofuata asali ya mzee yule ilikwenda ikarudi. Wauzaji wengine walipomwona walinong'ona, "Ya sukari hiyo." Mkewe, Mama Salome, aliyenipa uji nilipokuwa mdogo kana kwamba ni mama yangu, nilimwamkia shikamoo njiani akapita bila kuitikia. Unajua kwetu maana ya mtu mzima kukunyima marahaba. Nilisimama pale njiani nikiwa na shikamoo yangu, haina pa kwenda.

Kisha Mzee Ntandu akaja nyumbani. Baba alidhani amekuja na kesi, akamtolea kigoda. Mzee akasema anaomba kitu kimoja tu, nimsindikize porini. Akanigeukia.

"Mjukuu wangu, mimi sibishani na shule. Twende ukatazame."

Tulikwenda. Alinifanya nichague mzinga mwenyewe, nikate masega mwenyewe, niyakamue kwa mikono yangu na kuchuja kwa kitambaa changu. Nyuki walinitia adabu ya kutosha, maana uso ulivimba nikafanana na boga. Nilijaza chupa moja, nikaziba mdomo wake kwa nta. Nilipomkabidhi aliirudisha kifuani kwangu.

"Kaa nayo wewe. Nikikaa nayo mimi utasema nimetia mkono."

Niliiweka chini ya kitanda. Wiki ya pili niliona chenga zimetua chini kama mchanga. Baridi ikazidi, chenga zikapanda, na kabla mwezi haujaisha chupa nzima ilikuwa nyeupe, imeshikana. Nikakaa kitandani nikajiuliza: sukari hii ameitia nani? Aliyekamua ni mimi, aliyeziba ni mimi, aliyelala juu yake ni mimi.

Nikafukua madaftari yangu ya kemia. Mwanangu, jibu lilikuwemo humo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mwalimu amelitia alama ya vema. Maji ya moto hubeba sukari nyingi. Yakipoa hayawezi kuibeba yote, nayo hurudi kuwa chenga. Asali ndiyo hivyo: ni sukari ya maua, nyingi sana, ndani ya maji machache. Baridi ikija, sehemu yake hujitenga na kuganda. Maua hutofautiana, kwa hiyo ya huyu huwahi na ya yule hukawia. Kuganda peke yake hakuthibitishi uchafu, wala hakuthibitishi usafi. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani na kulikosa mnadani, kwa sababu daftarini lilikuwa kwa Kiingereza, ndani ya kikombe cha maabara, na mimi sikutegemea kulikuta ndani ya debe.

Nilichukua chupa nikaenda kwa Mzee Ntandu. Nikamwamkia, nikasema, "Babu, siku ile nilikuwa sijui."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Hata mimi sijui! Najua inaganda, najua ukiikalisha kwenye maji ya moto inarudi. Kwa nini, sikuwahi kuambiwa. Hebu niambie, Kidato."

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anauliza hapa na pale, mwisho akasema, "Kumbe!" kwa furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu wa umri wake. Halafu uso ukabadilika. "Sasa hayo ukayaseme palepale uliposemea yale."

Mnada uliofuata nilisimama kwenye mizani, kando ya madebe ya Mzee Ntandu, nikiwa na chupa na sufuria ya maji ya moto. Niliwaambia watu kwamba nilisema nisilolijua na kwamba asali ya mzee ni safi. "Kidato amefeli!" mmoja akapiga kelele, wakacheka. Niliwaacha wacheke. Chupa ikakaa majini, na asali ikaanza kulegea, ikawa nyekundu, ikang'aa. Mnunuzi akaonja, akachukua debe moja. La pili hakulichukua. Mama Salome aliitikia shikamoo yangu siku ile. Lakini hadi Mzee Ntandu anafariki, walikuwepo waliosema "ya sukari" alipopita. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa nusu, nusu ikaingia ardhini. Hilo ni langu, nami nitakwenda nalo.

Hata hivyo nikimkumbuka leo, shukrani inazidi aibu. Angeweza kunishitaki kwa wazee, nikatozwa mbuzi na kubaki mjinga. Yeye alinipa mzinga na chupa, akaniacha nijisahihishe. Hakuna mwalimu aliyenipa zaidi.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Ukiulizwa jambo unalolijua, lieleze kwa maneno ya mwulizaji. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, kisha inukeni mkatazame pamoja. Na jibu lako likigusa jina la mtu, lipime mara mbili kabla halijatoka mdomoni. Mungu akujalie maswali mengi hadi uzeeni, na akujalie watu wa kukusahihisha wangali wanakupenda.